Kutu ya Kupaka

Miaka ishirini na tisa niliikwangua kutu
matumboni mwa meli, chelezo cha Szczecin,
nikining'inia kwa mkanda,
rola mkononi, mpini wake mrefu kunishinda.
Kutu haina adabu, msimamizi alizoea kusema,
ukiipa ukucha itadai mkono.
Basi tukakwangua. Tukapaka nyekundu,
tukarudia nyekundu, kisha nyeusi,
na Januari rangi ikagoma kukauka
tukaisubiri kama wagonjwa.

Sasa nina meza ya jikoni,
taa ya daktari wa meno niliyoipata mnadani,
na jitu la urefu wa kidole gumba.

Jitu, ndivyo kitabu cha kanuni kisemavyo:
mita kumi na nne, tani themanini na tano,
mzinga begani, makombora kifuani,
na ndani ya kichwa, rubani,
nyuma ya kioo kidogo kuliko punje ya chumvi.
Usiku mmoja nilimwaza sana huyo rubani.
Anaona nini? Jicho langu,
pana kama lango la ghala,
likipepesa.

Ni Ksawery, mwana wa dada yangu, aliyeleta sanduku.
Klabuni kwao, kila Alhamisi, nyuma ya karakana ya tramu,
jeshi lisilopakwa rangi hukatwa alama kumi.
"Shangazi Bogna, si wewe ni fundi rangi?"
Wa meli, nikamwambia.
"Si yote ni chuma?"
Yalikuwa plastiki.

La kwanza nililipaka kama meli, likazama.
Ribiti zikafunikwa, mishono ikazibwa,
likabaki kama peremende iliyonyonywa na kutemwa.
Nikajifunza upya: rangi iwe nyepesi
mfano wa maziwa yaliyoenguliwa,
ncha ya brashi ilambwe (msimamizi angezimia),
na mkono uguse pumzi ikishatoka,
kabla nyingine haijaingia.

La tano likatoka safi. Deraya ya kijani, goti jeupe,
namba 31 ubavuni, kila tarakimu kama mguu wa sisimizi.
Nikaliweka dirishani nililitazame na chai.
Ksawery akaja, akachana kipande cha sponji,
akakichovya kwenye kahawia.
"Sasa tulizeeshe."

Nikamshika kiwiko.
Mwanangu, unajua unachoniomba?
Hajui. Ana miaka kumi na minne.
Chelezo kilifungwa yeye akiwa tumboni.

Akadonoa kifuani, katikati ya bamba, hapo tu, ovyo.
Si hapo, nikasema.
Kutu haianzii panapoonekana.
Huanzia chini ya ribiti, kwenye mshono,
pale maji yanapolala na kuona haya kuondoka.
Kisha huteremka. Hivi. Chungwa kwanza? Hapana,
nyeusi kwanza, chungwa ni ya baadaye,
chungwa ni kutu inayojisifu.
Nilikuwa nimeshamnyang'anya sponji.
Mkono ulikwenda wenyewe, goti, kifundo, bawaba ya bega.
Nilidhani naichukia.
Kumbe miaka yote nilikuwa naikariri.

Alhamisi nikaenda kutazama.
Mpinzani, Gerwazy wa posta, mzee mwenye kikohozi,
maroboti yake yote kijivu cha kiwandani,
alama kumi amezikubali na maisha yanaendelea.
Akarusha dadu. Sita. Akarusha tena. Sita.
Kichwani. Namba 31, zamu ya kwanza.
"Lililopakwa jana ndilo hufa leo," akasema,
si kwa kejeli, kama mtu anayetaja hali ya hewa,
akalilaza ubavu, taratibu, kwa vidole viwili.

Hapo nikaona nyayo zake.
Tupu. Kijivu. Nilisahau kuzipaka.

Kila meli tuliyoishusha majini ilikuwa na madoa hayo,
pale ilipokalia magogo,
ambapo hakuna rola iliyofika.
Tulijua. Zilielea hivyo hivyo.

Ksawery alishakuwa anahesabu mwendo wa namba 32.
Mimi nikatia mkono mkobani,
nikatafuta brashi.